Mzigo Uliorudi Kichwani

Kijana mmoja wa hapa Kisian, kando ya Ziwa Viktoria, alinunua baiskeli ya mashindano, ile yenye magurudumu membamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Akaapa kuwa atafikisha omena kutoka ufukweni hadi barabarani kabla mwenye mkokoteni hajamaliza kufunga kamba. Fundi wa baiskeli pale njia panda ya Bondo akamwuliza swali moja tu: "Nyathina, mwanangu, njia hiyo umeipita kwa miguu?" Kijana akacheka, akakanyaga pedeli.

Swali hilo nataka vijana wetu walishike, maana wapo wakubwa waliowahi kulipuuza, na deni lao likalipwa na watu wa ukingo huu huu wa ziwa.

Wanajeshi waliipenda baiskeli mapema. Mwaka 1899 Danie Theron, Kaburu wa Afrika Kusini, alimshindanisha mwendesha baiskeli na mpanda farasi kwa mwendo wa kilomita 75 hivi, na baiskeli ikashinda. Haili majani, hailii usiku, mbung'o haiumi. Katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba 1914, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, aliingia Tanga kwa baiskeli kupeleleza. Mji ulikuwa umehamwa, mbalamwezi imetanda. Aliiacha baiskeli hospitalini, akateremka kwa miguu hadi pwani, akaziona meli za Waingereza zikiwaka taa. Kulipokucha, siku hiyo hiyo ya tarehe 4, askari wake wapatao 1,000 wakalishinda jeshi la watu 8,000 hivi lililoletwa kutoka India.

Ukiishia hapo, utadhani gurudumu ndilo bwana wa vita. Lakini pima safari yenyewe: barabara za mji, usiku mmoja, watu wachache wasio na mzigo.

Machi 1916 Jan Smuts, kamanda wa majeshi ya Waingereza, alisonga mbele kutoka Kilimanjaro akiwa na farasi, pikipiki na malori. Masika yakamkuta njiani. Wapanda farasi wa jenerali wake van Deventer walikwama Kondoa Irangi, wanyama wakafa kwa ugonjwa wa mbung'o, malori yakazama kwenye tope. Chakula na risasi havikungoja jua litoke. Vilitafutiwa vichwa vya watu.

Vichwa hivyo vingi vilitoka huku kwetu. Mwaka 1917 kazi ya kukusanya wapagazi alipewa John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza, mwenye ofisi yake Kisumu. Aliwajua machifu, na machifu walijua kila boma lina vijana wangapi. Wakachukuliwa kwa maelfu, wakatwishwa mizigo, wakapelekwa kusini kwenye baridi na mvua wasizozizoea, wakila unga usioiva sawasawa. Kuhara kuliwaua wengi kuliko risasi. Inakadiriwa kuwa wapagazi wa Kenya waliokufa walizidi 40,000. Kila nikimsikia konda wa Nairobi akiita "Kariokor! Kariokor!" moyo hunishtuka, kwa sababu hilo ndilo jina la kikosi chao, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam, na abiria wengi hupanda bila kujua wameitiwa nani. Aliyechora safari ile kwenye ramani hakubeba hata gunia moja.

Yule kijana wetu alirudi jua likizama. Mvua ya jana yake ilikuwa imeigeuza njia ya ufukweni kuwa tope, na mwiba wa mgunga ulikuwa umepenya tairi. Gunia la omena lilikuwa kichwani, maji yake yakimchuruzika shingoni, na mkono mmoja ukiikokota baiskeli.

Fundi hakumcheka. Aliipindua baiskeli, akaichokoa tairi kwa vijiko viwili, akaivuta tyubu nje.

"Pampu ulikuwa nayo?"

"Sikuwa nayo, mzee."

"Na kiraka?"

Kijana akatikisa kichwa, gunia bado liko juu yake. Fundi akaizamisha tyubu ndani ya karai la maji, akaizungusha polepole. Mapovu yalitoka mahali patatu.