Je, Mkristo Aiache Haki Yake?



Neno hili "haki" hupendwa na watu wote. Hata mtoto mdogo, akinyimwa sehemu yake ya chakula, hulia na kusema, Hii ni yangu. Wala si neno baya, maana Mungu mwenyewe hupenda haki, na manabii waliwakemea wakuu walioipotosha. Lakini liko swali ambalo waalimu wa mitaa huulizwa mara nyingi, nao hawalijibu wote sawasawa: Je, mtu aliye na haki ya kweli, isiyo na shaka, yampasa kuitumia sikuzote? Au aweza kuiweka kando kwa ajili ya mwenziwe, naye asihesabiwe kuwa mjinga?

Na tuutazame kwanza mji wa Korintho. Paulo alikaa humo mwaka mmoja na miezi sita, akishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Baadaye, alipokuwa Efeso, kama mwaka wa 55, ilimbidi kuwajibu Wakorintho habari ya nyama iliyotolewa kwa sanamu. Wenye ujuzi walisema: Sanamu si kitu, Mungu ni mmoja, basi twala. Paulo hakukana ya kuwa sanamu si kitu. Lakini aliwaonyesha mtu ambaye walikuwa wamemsahau, yaani ndugu aliyezoea sanamu tangu zamani. Huyo akimwona mwenye ujuzi ameketi chakulani katika hekalu la sanamu, atavutwa kula naye, hali dhamiri yake yamshitaki, na imani yake itavunjika. Naye ni mtu ambaye Kristo alimfia. Kwa hiyo Paulo alikata shauri kuiacha nyama kabisa, kama ikimwangusha ndugu yake.

Tena, katika sura ya 9, anaitaja haki nyingine, nayo ni yake mwenyewe: kulishwa na watu anaowahubiri. Anaithibitisha kwa mfano wa askari, wa mwenye shamba la mizabibu, wa mchunga kundi, hata wa ng'ombe apuraye nafaka. Akiisha kuithibitisha hivyo, kama mtu aliyeshinda shauri barazani, anasema kwamba hakuitumia. Angalieni utaratibu wake. Haiachi kwa sababu haijui, wala kwa sababu anaogopa. Asiye na kitu hawezi kutoa kitu, bali aliye nacho ndiye awezaye kukitoa.

Baba yetu Martin Luther alilifuata neno hilo. Mwaka 1520 alitoa kitabu chake juu ya uhuru wa Mkristo, akifundisha ya kuwa kwa imani tu watu huru kabisa, na kwa upendo tu watumishi wa watu wote. Haukupita muda, fundisho hilo likajaribiwa. Alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, wenzake wa Wittenberg waliharakisha mambo. Siku ya Noeli ya mwaka 1521 Karlstadt aliwapa watu mkate na divai pia, na baada yake sanamu zikavunjwa. Luther alirudi mwezi wa Machi 1522, akahubiri siku nane mfululizo. Hakusema ya kuwa kikombe ni kosa, maana yeye mwenyewe alilifundisha jambo hilo. Alisema kwamba imani ilikuwapo, lakini upendo ulipungua. Mama hampi mtoto mchanga chakula kigumu, bali humwanzia maziwa, ndipo uji. Wenye nguvu walikuwa wamekimbia, na wadhaifu wakaburutwa nyuma yao. Basi, mtu aweza kuwa na kweli mkononi mwake, akamwumiza ndugu yake kwa kweli hiyo hiyo.

Hapo wengine watatujibu: Mkitufundisha hivyo, mwenye nguvu atamnyang'anya mnyonge daima, na Mkristo atakuwa jani la kukanyagwa. Neno hili ni zito, wala tusilipite upesi. Paulo huyo huyo, alipopigwa fimbo huko Filipi bila kuhukumiwa, alikataa kutolewa gerezani kwa siri. Alijitaja kuwa raia wa Rumi, akawataka wakuu waje wenyewe. Twadhani aliwafikiria wale wapya waliobaki mjini, ili wasiguswe ovyo baada yake. Kadhalika alimtahiri Timotheo kwa ajili ya Wayahudi, lakini kwa habari ya Tito hakukubali hata kidogo, maana hapo walitaka kuifunga Injili yenyewe.

Basi yatupasa kujiuliza maneno matatu. La kwanza, haki hii ni ya nani? Mlinzi wa yatima hawezi kukitoa kihamba chao na kukiita kitendo chake upendo. Na wazee wa kanisa wamwambiao mjane, Samehe, mama, wewe ni Mkristo, huku shemeji zake wakiichukua migomba yake, wanatoa sadaka ya mali isiyo yao. La pili, je, ndugu atajengwa, au dhambi yake italishwa? La tatu, je, naiacha kwa hiari? Maana sadaka iliyoshurutishwa ni unyang'anyi. Neno hili mtu hujiambia nafsi yake kwanza. Asilifanye fimbo ya kumpigia mwenziwe.

Tukiisha kupima hivyo, tutaona nafasi nyingi. Zamu yetu ya maji ya mfereji imefika, nasi tuna haki nayo, lakini maharagwe ya jirani yananyauka, na yetu yaweza kungoja siku mbili. Tena twajua ya kuwa kibuyu cha mbege hakimtii mtu unajisi, lakini karibu nasi ameketi ndugu aliyetoka katika ulevi juzi tu. Mambo haya ni madogo, hayaandikwi vitabuni, lakini ndipo upendo unapojulikana.

Nguvu ya kufanya hivyo yatoka wapi? Ibrahimu alikuwa mkubwa kwa Lutu, na haki ya kuchagua ilikuwa yake. Alimwachia kijana achague, naye Lutu akajitwalia bonde la Yordani lenye maji tele. Ibrahimu hakupoteza kitu, kwa kuwa urithi wake ulikuwa katika ahadi ya Mungu, si katika majani ya malisho. Nasi je? Tumwangalie Bwana wetu, aliyekuwa na utukufu wote kwa haki, asiung'ang'anie, akatwaa hali ya mtumwa kwa ajili yetu. Tuliopewa bure yaliyo makuu hivyo, tutashindana na ndugu yetu hata lini kwa ajili ya yaliyo madogo?

Amani ya Bwana iwe nanyi.