Paka asiyekamata panya tena ana haki gani kwetu?

Ndugu msomaji, naomba radhi mapema. Katika kurasa hizi ambazo tumezoea kujadili mambo mazito ya umma, leo nataka kuzungumzia paka. Tena si paka wa kujivunia. Ni paka jike mweusi, kikongwe, jicho moja limeingia ukungu na meno karibu yote yamekwisha. Wanangu walimpa jina la Chausiku. Mwezi uliopita nilimtia kwenye kiroba kwa mikono yangu mwenyewe, nikapanda naye daladala kwenda kumtupa Feri, kwenye soko la samaki.

Wakazi wa mjini wanaifahamu desturi hii. Paka akishachosha watu hutiwa kirobani, akapelekwa sokoni, na mwenye kumtupa hujiliwaza kuwa pale kuna vichwa vya samaki, hatakufa njaa. Nami nilijiliwaza hivyo hivyo toka Mbagala hadi Feri.

Chausiku aliingia kwetu miaka 16 iliyopita, kijipaka cha kutosha kiganjani, mwanangu mkubwa alipomwokota kwenye mfereji jirani na msikiti. Wakati huo nilikuwa na duka dogo la nafaka, na stoo ilikuwa chumba cha nyuma. Mwenye kuuza mchele na maharage anajua panya ni adui wa namna gani. Kwa miaka mingi paka yule alinilindia mtaji wangu, na ujira wake ukawa makombo ya ugali na vichwa vya dagaa. Sikumbuki hata siku moja niliyoona kuwa nina deni kwake.

Mwaka jana akaanza kunywa maji kupita kiasi. Akakonda hadi uti wa mgongo ukahesabika, na akawa anakojoa popote. Tukasema ni uzee. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akashauri tumpe robo ya kidonge cha panado. Alhamdulillah hatukufanya, kwani daktari wa mifugo alitueleza baadaye kuwa dawa ile ni sumu kali kwa paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu, na damu yake huharibika. Akasema ugonjwa wenyewe ni figo, tena ni maradhi ya kawaida kwa paka wazee. Figo zikishakufa hazirudi. Kinachowezekana ni kumpunguzia mzigo: maji safi muda wote, chakula kisicho na chumvi, na mara kwa mara maji ya dripu chini ya ngozi ya mgongo. Hakuna kupona. Kuna kutunza tu.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Mke wangu alikuwa na hoja, na hoja yake ni ya kisheria. Mate ya paka si najisi. Tunajua kisa cha sahaba Abu Qatada aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, na mkwewe Kabsha aliposhangaa akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Lakini mkojo wake ni najisi, na Chausiku alikwishaharibu miswala miwili. Basi usiku mmoja tukakaa sebuleni kulijadili. Mimi ndiye niliyetamka: "Huyu kazi yake imekwisha. Siku hizi ni kula, kulala na kukojoa."

Mama yangu, ambaye tunaishi naye na ambaye ana miaka miwili haondoki kitandani bila ya kushikwa mkono, akauliza kutoka chumbani kwake: "Mnamsema paka au mnanisema mimi?"

Tukacheka sote, naye akacheka. Asubuhi yake nikachukua kiroba.

Pale Feri nilimfungulia nyuma ya meza za samaki. Hakukimbia. Alijikongoja hatua mbili tatu, akaona paka wa pale, madume yenye makovu, akarudi akakaa juu ya mguu wangu. Nikasimama pale na kandambili yangu ikilowa mkojo. Nikamkumbuka yule mwanamke aliyetajwa katika hadithi sahihi, aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Tumeisikia hadithi ile tangu madrasa, lakini nadhani tunaisikiliza nusu. Hakutajwa kuwa alimpiga. Kosa lake ni kwamba alimfungia asimlishe, wala asimwache atoke akajitafutie wadudu wa ardhini. Yaani alifunga milango miwili kwa pamoja.

Sasa, paka wangu kwa kipimo hicho nimemfungulia mlango, si ndiyo? Nimemleta penye samaki. Lakini mlango uliofungwa kwake si wa nyumba. Ni uzee. Hana meno ya kuwindia wala miguu ya kukimbilia. Kumwachia huru kiumbe asiyeweza kuutumia uhuru huo ni kumfungia kwa njia nyingine.

Nilirudi naye. Kondakta alinitoza nauli mbili, nikalipa.

Baadaye nilimwendea sheikh mmoja nikitarajia anicheke. Hakucheka. Akanionesha kuwa mafaqihi walikwishalizungumza jambo hili hasa. Wanachuoni wa madhehebu ya Maliki wameandika katika mlango wa matumizi ya wanyama kuwa paka aliyepofuka akakwama kwa mtu, kumlisha ni wajibu wa mtu huyo maadamu paka hawezi kuondoka. Akiweza kuondoka, wajibu unaanguka. Wengi wetu mwambao huu ni Mashafii, lakini ni nani asiyeuona uadilifu wa hoja ile? Haki ya paka yule haikutokana na panya aliowakamata. Imetokana na kukosa kwake pa kwenda.

Wapo watakaosema: fedha za dripu si ungempa yatima? Swali hili niliulizwa msikitini na mzee ninayemheshimu, na sikumjibu vizuri. Ni kweli mwanadamu anatangulia. Nimejiwekea mpaka: dawa ya paka haigusi ada ya mtoto, haigusi dawa za mama yangu, na haikopewi. Lakini nikisema kweli, kabla Chausiku hajaugua fedha ile haikuwa ikienda kwa yatima. Ilikuwa ikienda kwenye vocha na soda. Ajabu yatima anakumbukwa anapotajwa paka, wala hatajwi tunapokodi ukumbi wa harusi.

Liko swali jingine lililonisumbua zaidi. Daktari alisema ipo sindano ya kumpumzisha. Masheikh wametofautiana. Wapo wanaokataa kumwua mnyama asiyeliwa kwa sababu ya maradhi tu, na wapo wanaoruhusu pale mateso yanapokuwa makali na tumaini halipo, kwa sharti la wepesi, kwani tumeamrishwa wema hata katika kuua. Mimi si mtu wa kutoa fatwa. Nilijiuliza tu: anayetaka kupumzika ni nani, yeye au mimi? Bado anaota jua asubuhi. Bado anajilamba. Siku atakapoacha chakula na kulia kwa maumivu, nitarudi kwa sheikh na kwa daktari kwa swali lile lile, na nadhani nitalisikia tofauti. Leo jibu ni kwamba aliyechoka ni mimi.

Mke wangu ameweka beseni la mchanga kando ya mlango, na miswala tunaikunja na kuiweka juu ya kabati. Ni suluhisho la dakika tano ambalo hatukulifikiria mwaka mzima. Simlinganishi mama yangu na paka, najikinga kwa Allah. Ila Chausiku amehamia kulala kizingitini kwake, na nikiamka kabla ya alfajiri kumgeuza mama ubavu, yeye huuliza kwanza kama paka ametiliwa maji.