Usingizi Nao Unauzwa?

Mwenzangu wa chumbani anasomea biashara, na ndoto yake ni kuajiriwa na benki ya uwekezaji New York. Juzi aliniuliza, maana hosteli nzima imeshaniita sheikh: "Wakiniita, niende?" Alitarajia jibu la neno moja, riba. Riba ipo, na sikumficha. Lakini sisi tukishalitaja neno hilo huwa hatuulizi tena lolote, nami nilikuwa na swali jingine: mle ndani kijana anauza nini hasa?

Mwaka 2021 waajiriwa 13 wa mwaka wa kwanza wa Goldman Sachs waliandika hali zao. Kwa wastani walifanya kazi saa 95 kwa wiki, na kila usiku walilala kwa muda wa saa 5 tu. Waliahidiwa Jumamosi zao zitalindwa. Miezi michache baadaye mshahara wa mwanzo ukapanda kutoka dola 85,000 kwa mwaka hadi 110,000, bonasi mbali. Tukapiga hesabu: kwa saa zile, mshahara wa zamani ulikuwa kama dola 17 kwa saa. Akacheka. "Bado ni nyingi, sheikh."

Ni nyingi, wallahi. Ila katika fiqhi ya ijara, aliyeajiriwa kwa muda hukodisha muda unaojulikana kwa ujira unaojulikana. Huyu muda wake hauna mpaka, na bonasi yake mwajiri huikadiria mwaka ukiisha. Salman (r.a.) alimzuia Abu Dardaa (r.a.) asikeshe usiku kucha akiswali, kwa kuwa nafsi yake na mkewe wana haki juu yake, na Mtume (s.a.w.) akamsadikisha Salman. Ikiwa ibada imewekewa mpaka, majedwali ya hesabu yanaudai usiku wote kwa haki gani? Mwili ni amana, na amana haiuzwi.

Nilidhani nimemaliza. Mwenzangu akanionyesha dirishani askari wa geti letu. Huingia jioni, hutoka asubuhi, siku zote 7: saa 84 kwa wiki. "Na yeye utamwambia aache?"

Nilinyamaza. Muda wote nilikuwa namhoji muuzaji. Mwenzangu anaweza kukataa, naye ataulizwa kwa alichochagua. Askari hana la kuchagua; wa kuulizwa ni anayemnunua, na kodi ya hosteli inayomlipa naitoa mimi pia.

Ijumaa baada ya swala tunakwenda kwa mwenye hosteli kumwombea usiku mmoja wa mapumziko. Mwenzangu amekubali kufuatana nami. Yeye ndiye atakayebeba hesabu.