Mbao, Bati na Jirani Yako

Mwanangu, umeniuliza atelye yako uijenge kwa mbao au chuma, na unataka jibu la neno moja kabla mvua ya Septemba haijaanza. Vijana wote mnakuja hivyo: mita mfukoni, nusu ya pesa mkononi, na moyo umekwisha kutangulia kwenye soko la Kadutu. Swali lenyewe limenichosha miaka mingi. Wewe hujanichosha, basi keti unisikilize mpaka mwisho.

Anza na ardhi. Parseli unayojengea iko mteremkoni, kama parseli nyingi za mtaa wetu wa Kadutu, na udongo wetu ni mwekundu wa mfinyanzi: kiangazi unapasuka, mvua zikija unalowa na kuteleza. Mji wetu uko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua hutunyeshea sehemu kubwa ya mwaka. Kwa hiyo kujenga kitu chepesi si aibu. Tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipoutikisa mji huu na Cyangugu ng'ambo ya mto Ruzizi, watu waliuawa na uzito uliowaangukia. Mbao ni nyepesi, bati ni jepesi. Hapo vyote viwili vinakufaa kuliko matofali yaliyopangwa bila nguzo. Lakini usisimamishe chochote kabla ya kuchimba mfereji upande wa juu, na maji usimtupie jirani wa chini. Udongo wake ukiondoka, wako utaufuata.

Sasa mbao. Utauziwa za mkaratusi, maana ndizo zinazopatikana kwa bei yako. Zikiwa mbichi usizipigilie misumari: zitajikunja, zitapasuka, na mvua itapata njia. Zipange kivulini, weka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, kisha uwe na subira. Nguzo usiizike udongoni, kwa sababu huoza pale pale inapotokea ardhini, na mchwa hupandia hapo. Ijengee msingi wa mawe unaofika magotini. Wengine hupaka mafuta machafu ya injini kuwafukuza mchwa; katika atelye yenye cheche na maranda, hiyo ni kuutayarishia moto chakula. Na ukipewa mbao nzuri kwa bei ya ajabu, uliza zilikotoka. Kahuzi-Biega ni hifadhi ya taifa tangu 1970, na tangu 1997 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini. Usiianze riziki yako kwa mti wa wizi.

Chuma nacho kina mambo yake. Manjanja, yaani mabati, yakiwa mapya yanang'aa, lakini nyumba njema si mlango. Ukiona BG 28 na BG 32, usidhani namba kubwa ndiyo bati nene. BG 28 lina karibu milimita 0.4, BG 32 lina karibu 0.25 tu, na mpira wa watoto unatosha kulibonyeza. Tena usiku wetu una baridi. Unyevu wa hewani ukigusa bati hugeuka maji, na asubuhi unakuta matone juu ya randa, misumeno na patasi zako. Acha nafasi chini ya paa hewa ipite, la sivyo kutu italala na vyombo vyako. Unapokata bati kwa diski au kulichomelea, zinki yake inaungua: moshi wake usiuvute, na pale ilipoungua paka rangi siku ileile. Halafu kuna umeme. Mtambo wa umeme wa Ruzizi I unafanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950, mji ulipokuwa mdogo sana kuliko huu, na delestaji, kule kukatiwa umeme, hamhitaji mimi niwafundishe. Fremu unayoweza kuifunga kwa boloti, ifunge kwa boloti. Haitangoja umeme urudi, na siku mwenye parseli akikwambia uondoke, utaifungua na kuibeba.

Hayo yote ni madogo mbele ya moto. Unaijua Nkafu, unaijua Nyamugo: nyumba za mbao zimebanana, njia ni ya mtu mmoja, na gari la kuzima moto halipiti. Mshumaa mmoja, babula moja, jiko la makaa, iliyoachwa na moto, au umeme unaorudi kwa nguvu kwenye nyaya zilizounganishwa ovyo, na mstari mzima unateketea. Wewe unataka kuleta hapo mashine ya kuchomelea. Usiniambie bati haliwaki. Haliwaki, ndiyo, lakini hupitisha joto, na ubao wa jirani uliolegemea unaanza kufuka moshi kabla wewe hujaona kitu. Chuma chenyewe kikikaribia nyuzi 600 hupoteza kama nusu ya nguvu zake, kikapinda na kuliangusha paa. Nguzo nene ya mti huungua polepole kutoka nje, chini ya milimita moja kwa dakika, ikiendelea kubeba. Vibao vyembamba ndivyo vinavyoisha mara moja.

Basi ukuta ufuate kazi. Ukiwa seremala, jenga kwa mbao kavu na nguzo nene, paa la bati, na maranda yatoke nje kila jioni. Ukiwa mchomeleaji, jenga kwa chuma, sakafu iwe ya saruji au udongo, wala pasiwe na ubao karibu na cheche. Ukitaka kufanya kazi zote mbili chini ya paa moja, zitenge kwa ukuta mfupi wa matofali uliofungwa kwa nguzo. Na katika kila hali, acha nafasi ambayo mtu mzima atapita na ndoo kati ya ukuta wako na wa jirani. Utalalamika kwamba atelye imekuwa ndogo. Iwe ndogo. Kule nyuma kuna mama na watoto wanaolala.

Pesa yako itumie kwa utaratibu huu: mfereji, mawe ya msingi, paa, kisha kuta. Ikikatika, na ikatikie kwenye kuta. Ukuta unaweza kungoja nyuma ya turubai mwezi mzima. Mfereji haungoji hata mvua moja.