Apimaye Mzigo na Aubebe

Sheria za elimu hutungwa Dodoma, lakini hutimizwa darasani. Nasi twauliza: je, ni haki mtu kuamua juu ya mzigo ambao bega lake halijaugusa?

Mwalimu Julius Nyerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, na baadaye Pugu, hata mwaka 1955 alipoiacha kazi hiyo kwa ajili ya siasa. Alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, watu waliweza kubishana na mawazo yake. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba hakulijua darasa.

Januari 2016 Serikali iliondoa ada na michango ya lazima hata kidato cha nne. Lilikuwa jambo jema, na watoto wakamiminika shuleni. Kanuni yataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi. Namba hiyo huandikwa mara moja kwa kalamu. Bali mwalimu mwenye watoto mia, asahihishaye madaftari mia usiku, ndiye ajuaye uzito wake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wengine watasema kwamba taarifa zatosha, na kwamba mbunge aonaye shule moja aweza kudhani zote ni kama hiyo. Neno hili si la kudharauliwa. Lakini hatumwambii aziache taarifa. Twamwomba ajue kuzisoma. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba mwenye busara hana budi kujua, pamoja na kanuni za jumla, mambo yenyewe moja moja, kwa kuwa humo ndimo matendo yetu hutendeka.

Basi na aende, ila si kwa ngoma na hotuba. Mgeni aliyetangazwa huonyeshwa mawe yaliyopakwa chokaa. Aketi darasani tangu kengele ya asubuhi hata ya mwisho, ashinde na njaa ikiwa watoto washinda nayo, kisha arudi Bungeni kupiga kura.

Nasi wazazi tusijitoe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza mwaka 1965 kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Kwa haki gani tutamlaumu mbunge, ikiwa mwaka mzima hatujavuka mlango wa shule ya watoto wetu? Mwana wa Mungu hakutuhurumia kwa mbali. Alikaa Nazareti miaka mingi, akafanya kazi kwa mikono yake, ndipo akaanza kufundisha.