Je, Kinanda cha Umeme Kinadanganya?

Katika sharika zetu nyingi za Temeke na Kinondoni, kinanda cha umeme ndicho kinachoongoza nyimbo. Mpigaji akibonyeza kitufe kimoja, inatoka filimbi. Akibonyeza kingine, linasikika kundi kubwa la watu wakiimba, ilhali mbele yetu wamesimama waimbaji saba. Baadhi ya wazee wa kanisa wanauliza: je, hapa tunamtolea Mungu uongo?

Tuitazame kwanza sauti yenyewe. Noti moja si kitu kimoja. Uzi wa gitaa unaotetemeka mara 110 kwa sekunde hutetemeka pia mara 220, 330, 440 na kuendelea, na kiasi cha kila mtetemo ndicho hututofautishia gitaa na filimbi. Fundi wa sakiti anaweza kuitengeneza mitetemo hiyo mmoja mmoja na kuijumlisha. Adui yake ni joto, maana transista zikipata moto noti huhama, na joto la Dar tunalijua. Laurens Hammond wa Marekani alitumia njia nyingine katika kinanda chake cha mwaka 1935: magurudumu ya chuma yanayozunguka karibu na sumaku, na vishikio tisa ambavyo mpigaji huvivuta kupima mchanganyiko. Makanisa mengi yasiyomudu kinanda cha mabomba yalikinunua. Nao wajenzi wa vinanda vya mabomba walikuwa wakijumlisha hivyohivyo karne nyingi kabla ya umeme, bomba dogo juu ya bomba kubwa. Kujumlisha si hila.

Lakini mwaka 1938 tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliiamuru kampuni ya Hammond iache kutangaza kwamba kinanda chake kinalingana na cha mabomba. Sauti haikukatazwa. Kilichokatazwa ni ushuhuda uliotolewa juu yake, na hapo sisi Walutheri tunaisikia amri ya nane.

Filimbi ya sakiti haimshuhudii mtu uongo. Kila mmoja anakiona kinanda. Kwaya ya kitufe inatutia shaka zaidi. Inawafunika wale saba, na mama wa sauti ya pili aliyechoka akinyamaza, usharika hautambui. Luther na wenzake walitoa kitabu cha nyimbo mwaka 1524 ili watu waimbe wenyewe, kwa lugha yao.

Kwa maoni yetu filimbi ibaki. Kwaya ya kitufe izimwe wakati wa ibada, hata kama Jumapili za kwanza uimbaji wetu utasikika mwembamba.