Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Gugu Lako, Shamba la Jirani



Leo nakuuliza swali moja kabla hujakaa kufuturu: mpakani mwa shamba lako kumeota nini?

Sisi wa Kisaka ni wakulima, kiduha unakijua. Umepanda mahindi au mtama, mvua imenyesha vizuri, halafu mazao yanadumaa, majani yanageuka manjano kama yana kiu wakati ardhi imelowa. Baadaye chini yake kinachomoza kimmea chenye maua ya zambarau, kizuri kwa macho. Kumbe siku zote kilikuwa kimeshika mizizi ya zao lako, kinanyonya maji na chakula hata kabla hakijatokeza juu. Mche mmoja unatoa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi. Upepo, maji ya mvua, kwato za ng'ombe na jembe la kuazimana vinazipeleka kwa jirani. Zikiingia ardhini zinaweza kukaa hai zaidi ya miaka 10.

Sasa nikusimulie yangu. Ramadhani ya 2022 iliangukia Aprili, wakati wa palizi. Mimi nikasema mwezi huu ni wa Qur'ani, shamba litasubiri. Asubuhi darsa, mchana napumzika, usiku tarawehe. Kipande changu cha mtama cha mpakani kikajaa kiduha mpaka kikatoa maua. Jirani yangu wa upande ule ni mama mtu mzima, si Muislamu, analima na wajukuu zake. Yeye cha kwake alikuwa aking'oa kimoja kimoja kwa mkono. Siku moja akaja mlangoni, akasalimia vizuri, akasema: "Shehe, najua mmefunga. Na shamba nalo limefunga?"

Tukacheka wote. Alipoondoka nikafungua msahafu, nikashindwa kusoma.

Nilikumbuka hadithi ambayo mwenyewe nimeisomesha mara nyingi, iliyopokewa na Imam Ahmad, na Imam Bukhari katika Al-Adab al-Mufrad. Mtume (S.A.W.) alielezwa habari za mwanamke anayesali usiku, anafunga mchana na anatoa sadaka, ila anawaudhi jirani zake kwa ulimi. Akasema huyo hana kheri, ni wa motoni. Akatajiwa mwingine, anasali faradhi, sadaka yake ni vipande vya maziwa yaliyokaushwa, na hamuudhi mtu. Huyo akasema ni wa peponi.

Yule aliudhi kwa ulimi. Mimi niliudhi kwa jembe lililoegemea ukuta. Wewe ungeniweka upande gani?

Alasiri ile nikaenda na vijana wa madrasa, tukang'oa chote na kukichoma. Tulikuwa tumechelewa, mbegu zilishapukutika. Nikamwomba mama radhi, akanisamehe palepale. Lakini msimu uliofuata kiduha kilitokea kwake, kwenye mistari ya upande wangu. Yeye alisamehe, ardhi yake bado inalipa. Mpaka leo kila palizi ile mistari naing'oa mimi. Hiyo si sadaka ndugu yangu, ni deni.

Na usiseme "huyo si mwenzetu katika dini." Suratun Nisaa, aya ya 36, imetaja jirani wa karibu na jirani wa mbali, na wanazuoni wamesema asiye Muislamu naye ana haki ya ujirani.

Je, kama wewe ndiye unayeudhiwa? Tawi la mti wa jirani limeingia kwako, au uzio wake umefunga njia? Katika madhehebu yetu ya Shafii, una haki ya kumtaka aliondoe. Akikataa, lirudishe kwake kwa kulikunja. Lisipokunjika, kata kilicho upande wako tu. Matunda na kuni ni mali yake. Lakini anza kwa mguu na salamu, mchana, watu wakiona. Sote huku tunajua panga likitoka kwa ajili ya mpaka linavyoweza kurudi.

Basi wiki hii fanya haya:

1. Tembea mpaka wako wote, ukiutazama kutoka upande wa jirani.
2. Kiduha king'oe kabla hakijatoa maua, ukichome. Safisha jembe kabla hujamwazima mtu.
3. Kama mbegu zimeshamfikia, nenda ukamwambie mwenyewe, asije kukuuliza yeye. Kisha mshike mkono kwa kazi.

Shamba likielemewa, msimu ujao panda maharage, karanga au mihogo, kiduha hakishiki huko, na rudishia ardhi samadi.

Ewe Mola wetu, tukubalie saumu zetu, na usiwafanye jirani zetu kuwa mashahidi dhidi yetu. Amin.

Darsa ni baada ya Alasiri kama kawaida. Mfikishie mwenzio ujumbe huu, hasa yule mnayepakana naye.